Tachipadi si ya wanaoona peke yao
Wengi huamini kwamba asiyeona hana kazi na tachipadi, ile sehemu bapa ya kugusa kwa vidole kwenye kompyuta mpakato, kwamba kibodi inamtosha. Si kweli. Kwenye Mac, washa VoiceOver, programu yake inayosoma skrini kwa sauti, kisha shikilia Control na Option huku ukizungusha vidole viwili kwenye tachipadi kufuata mwendo wa saa. Hapo tachipadi inageuka ramani ya dirisha unalotumia: sogeza kidole polepole, usikie kilichopo; telezesha haraka kulia, uende kwenye kipengee kinachofuata; gonga mara mbili, kifunguke. Hili napenda watu wajaribu, maana unajua kitufe kimekaa wapi hasa, juu au pembeni. Kwenye Windows mambo ni tofauti: ishara za vidole za NVDA, programu nyingine ya kusoma skrini kwa sauti, zinataka skrini ya mguso, si tachipadi.