Anayeogopwa Si Sanamu

Mwanafunzi aliyewahi kusaidia mama kujifungua wodini, tena bila wasiwasi, anaweza kutetemeka mikono mbele ya mgonjwa wa plastiki, yaani sanamu tunayofanyia mazoezi ya uuguzi. Nafundisha uuguzi hapa Mombasa na jambo hili naliona kwa kila kundi. Wodini macho yote yako kwa mgonjwa. Kwenye chumba cha mazoezi yako kwako: wenzako wamejipanga ukutani, na mwalimu yuko pembeni kimya.

Mwilini ni mambo yanayojulikana. Adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa, kisha kotisoli, homoni nyingine ya msongo, inafuata polepole. Hofu kidogo ina faida. Tangu 1908 watafiti Yerkes na Dodson walionyesha kwa majaribio ya panya kwamba kazi ngumu hujifunzwa vyema msukumo unapokuwa wa wastani. Ukizidi, akili hung'ang'ania kitu kimoja. Utamwona mtu anahangaika na mashine ya presha huku shuka limeshalowa damu.

Chukua zoezi la mama anayevuja damu baada ya kujifungua, imepita mililita 500. Mwanafunzi anajua la kufanya: aite wenzake, akande mfuko wa uzazi, atoe oksitosini, dawa ya kukaza mfuko huo, aweke dripu. Lakini amesimama tu. Ukimuuliza baadaye, mara nyingi jibu ni hili: “Mwalimu, sikujua kama naruhusiwa kuvunja ile chupa ya dawa kweli au niseme tu kwa mdomo.” Hapo ndipo naona shida kubwa ilipo. Sanamu haipauki, haitoki jasho la baridi, wala haikunji uso. Mwanafunzi anabeba mzigo wa mgonjwa na mzigo wa kubahatisha kanuni za mchezo kwa wakati mmoja.

Basi dawa yake huanza kabla ya zoezi. Waacheni waishike sanamu. Wasikilize mapafu yake, wajue mapigo yanapatikana mkono upi, wafungue kila droo ya troli, waambiwe ni chupa zipi zina maji matupu. Wajue pia kwamba wakiuliza “ngozi ikoje?” watajibiwa, na wakimpigia daktari kuna mtu atakayepokea. Dakika chache za namna hii zinapunguza hofu kuliko kumwambia mtu mara kumi “usiogope”. (Na anayetoka Likoni, ng'ambo ya maji, akakwama feri asubuhi, huingia moyo tayari unakimbia. Huyo simpangi wa kwanza.)

Kuna jingine tunalolifumbia macho sisi walimu. Mtihani wa vituo, OSCE, ambapo mwanafunzi hupita kituo hadi kituo akipimwa vitendo, aliouanzisha daktari Ronald Harden kule Dundee, Scotland, miaka ya 1970, mara nyingi hufanyika chumba kile kile, kwa sanamu ile ile, mbele ya mwalimu yule yule. Ukiwaambia leo ni mazoezi tu, wakuamini vipi nawe umeshika kalamu na karatasi? Kama kuna alama, sema. Kama hakuna, ingia mikono mitupu. Na simu za wanafunzi zibaki nje: kosa la saa nne asubuhi likifika WhatsApp kabla ya adhuhuri, mwenyewe hataki tena kuligusa zoezi.

Mazungumzo ya baada ya zoezi aghalabu huchukua muda mrefu kuliko zoezi lenyewe, na yanastahili. Huanza na “ulijisikiaje?”, wapumue, wacheke hata, kisha “uliona nini, ukaamua nini?” Swali la “mbona hukufanya?” huwafunga midomo, hasa mbele ya wenzao.

Wapo wachache ambao hofu haiishii mlangoni. Wiki zinapita hawalali, moyo unawadunda hata nyumbani, siku ya zoezi wanaugua tumbo. Hao siwaambii wajikaze. Naongea nao faraghani, na wakiridhia nawasindikiza kwa mshauri wa wanafunzi. Zoezi tutawapangia siku nyingine.