Gari halilainiki kwa kupunguza upepo

Kijana mmoja aliniletea Toyota Altezza yake Mwanakwerekwe, Unguja, ninakofunga matairi, wiki iliyopita. Katoa rimu za inchi 16, kafunga za 18 na matairi ya 215/40. Hata injini hajazima: "Ami, nipunguzie upepo kidogo, gari inanipiga mgongo." Huyo ni wa tatu ndani ya siku kumi, na wote wana imani ileile, kwamba ukitoa upepo gari inalainika. Sikumpunguzia.

Mwanangu, gari haikai juu ya mpira, inakaa juu ya upepo. Ukiutoa, ubavu wa tairi unakunjika na kukunjuka kila mzunguko, unapata moto, na nyuzi za ndani zinaanza kuachana. Utausikia ulaini kidogo, kweli. Lakini siku utakayoingia kwenye shimo lililochimbwa na masika, ubavu utabanwa baina ya rimu na ukingo wa lami, nyuzi zikatike, na asubuhi ukute nundu kubwa kama yai. Nundu haina dawa. Tairi hilo ni la kutupa, na rimu huenda imepinda pia.

Nililifungua tairi lake la mbele kushoto nikamwambia atie mkono ndani. Ukatoka na unga mweusi, laini kama masizi. Ubavu wa ndani ulikuwa na mstari wa kijivu, umekwaruzika mzunguko mzima. Ule unga ndio tairi lenyewe linavyosagika, kwa sababu alishapunguza upepo mwenyewe kabla ya kuja kwangu. Na kwa tairi hilo alikuwa akienda Paje na kurudi usiku, wadogo zake wamekaa nyuma.

Ulaini alioupoteza uko kwenye hesabu. Namba 40 maana yake urefu wa ubavu ni asilimia 40 ya upana wa milimita 215, yaani milimita 86. Tairi la 205/55 kwenye rimu ya 16 lina ubavu wa karibu milimita 113. Zile milimita 27 ndizo mto wa gari yako, na umezitoa ili rimu ionekane kubwa. Kimo cha tairi zima hakijabadilika hata milimita 3, ndiyo maana watu hudhani hakuna kilichopotea. Anayetaka gari ya mbio isimuumize, kwanza ashuke inchi, mradi rimu ndogo ipite kwenye breki zake. Akishindwa kabisa na tamaa ya rimu, basi 17 na 215/45, abakiwe na milimita 97.

Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Namba ya upepo iliyo kwenye tairi lenyewe ni kikomo chake, usiijaze hiyo. Na upime asubuhi, gari haijatembea. Mtu anatoka Nungwi, matairi yamechemka, anapima anaona PSI 36, anatoa mpaka 32. Yakipoa ana 28, halafu anashangaa tairi kuliwa pembeni.

Tairi la mtumba kutoka Japani si bora kuliko jipya kwa sababu tu kashata zake, yale mafundo yanayoshika lami, zimejaa. Tazama tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo, unakuwa mgumu, unapiga kelele, na mvua ikinyesha haushiki lami. Kwenye gari ya mbio mimi sifungi tairi lililopita miaka sita, hata mwenyewe akinisihi.

Wenye BMW zenye matairi ya kutembea bila upepo huambiwa hawawezi kufunga mengine. Wanaweza, na gari italainika siku hiyohiyo, kwa kuwa zile mbavu zake ni ngumu makusudi. Fungeni yote manne pamoja, na mbebe tairi la akiba, maana nyingi ya gari hizo hazina.

Tairi lenye ply nyingi, yaani tabaka nyingi za nyuzi, ni la kubebea mizigo, kwenye gari nyepesi litakutikisa tu. Naitrojeni nayo hailainishi kitu, hewa tunayojaza kila siku tayari ni naitrojeni asilimia 78. Shokapu zilizokufa zinapiga kweli, lakini pima upepo na usome namba za tairi kabla hujazinunua, kwa sababu wengi wamebadilisha shokapu nne na tatizo likabaki palepale.

Na ukiwa na pesa ya matairi mawili tu, mapya yaende nyuma, hata kama gari inavutwa na matairi ya mbele. Nyuma ikiteleza kwenye kona yenye maji, dereva wa kawaida hawezi kuirudisha.