Asali ya Tabora ikichanganywa na sukari, mashine inajuaje?

Wengi huku Tabora asali tunaipima kwa kiberiti, unachovya njiti ikiwaka basi ni orijino, au unadondosha kwenye glasi ya maji uone kama inazama. Vipimo hivyo vinakuonyesha asali ina maji kiasi gani basi, maana sharubati nzito ya sukari nayo inafaulu vizuri tu.

Maabara tunaangalia kaboni. Ipo kaboni-12, hiyo ndo nyingi, karibu asilimia 98.9, halafu kaboni-13 ambayo ni nzito kidogo, asilimia 1.1 hivi, na zote ni imara, hazivunjiki zenyewe kadri muda unavyopita. Sasa miti yetu ya miombo, mninga, mtundu na wenzao, inapovuta hewa ukaa inaiacha nje kaboni-13 nyingi kuliko muwa na mahindi, kwasababu muwa na mahindi vina njia nyingine ya kutengeneza chakula, kwahiyo sukari ya dukani inabeba alama yake hata uichemshe vipi.

Sampuli tunaichoma inakuwa gesi ya hewa ukaa, mashine inaipa chaji ya umeme, inairusha kwa kasi kupita kwenye sumaku, hapo molekuli nyepesi (uzito 44) zinakata kona kali na nzito (45) zinapinda kidogo, kila kundi linaangukia kikombe chake halafu tunalinganisha. Jibu linatolewa kwa elfu, dhidi ya kipimo cha dunia kilichoanzia kwenye kisukuku cha South Carolina, Marekani. Asali ya maua ya miti inasoma kama -25, sukari ya miwa kama -11. Hiyo hasi isikutishe, maana yake kaboni-13 ni chache kuliko ya kile kisukuku.

Ninachokipenda mimi ni kwamba asali yenyewe ina protini kidogo ya nyuki na chavua, tunaichuja tunaipima peke yake. Aliyemwaga sukari hakugusa protini, kwahiyo namba ya asali ikiizidi namba ya protini yake (yaani ikiwa hasi kidogo kuliko hiyo) kwa 1 kwa elfu au zaidi, hapo kuna sukari ya miwa au mahindi kama asilimia 7 na kuendelea, na hata aliyewalisha nyuki sukari msimu wa maua anaweza kunaswa.

Ila sharubati ya mchele au ya biti (kiazi cha sukari) hapa inapita, mimea hiyo kaboni yake inafanana na ya miti. Kwahiyo ukionyeshwa cheti cha kaboni kinasema safi, uliza kama hizo nazo zilitafutwa kwa kipimo kingine.