Tabibu msaidizi si msaidizi wa tabibu

Juzi nimeikuta tena tafsiri ileile mbovu, safari hii kwenye maandishi ya tafsiri chini ya filamu. Afisa wa jeshi la Marekani anajitambulisha kuwa ni "physician assistant", na pale chini pameandikwa: "Mimi ni msaidizi wa daktari." Muda si muda huyo msaidizi anatoboa katikati ya mbavu za majeruhi kutoa hewa iliyobana pafu, anaamuru dawa, anaamua nani apandishwe helikopta kwanza. Daktari anayesaidiwa haonekani mpaka filamu inaisha.

Maana yenyewe haina maneno mengi. Ni mtaalamu aliyesomea tiba kwa njia fupi kuliko ya daktari: anapima, anatambua ugonjwa, anaandika dawa, anashona majeraha, huku akishirikiana na daktari au akiwa chini ya usimamizi wake. Wenyewe hufupisha na kuitana PA. Katika jeshi la Marekani ni afisa mwenye kamisheni.

Kinachonikera ni hiyo "wa". Kocha msaidizi ni kocha. Mkuu wake akifungiwa mechi, yeye ndiye anayepanga timu. Msaidizi wa kocha anaweza kuwa kijana wa kubeba mipira na chupa za maji. Mpira umeshapita njia hii: mshika kibendera alipobadilishiwa jina mwaka 1996 akawa mwamuzi msaidizi, kibendera hakikubadilika, ila ilikubaliwa kwamba naye anaamua. Kiingereza kina ugonjwa uleule. Wako wanaochomeka alama ya umilikishi na kuandika "physician's assistant", na wenye kazi yao wanaichukia alama hiyo kama ninavyoichukia hiyo "wa".

Asili ya neno nayo haimtetei mtafsiri. "Assistant" limetoka kwenye Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kusimama kando. Anayesimama kando ya kitanda cha mgonjwa si lazima awe ameshika mkoba wa mtu. Hata hivyo jina limewachosha wenyewe: mwaka 2021 chama chao cha Marekani kilipiga kura kwamba waitwe "associate", neno lenye mzizi wa mwenza. Uingereza walikuwa wakitumia hilo la mwenza tayari, na mwaka 2025 tathmini iliyoagizwa na serikali ikapendekeza warudie "assistant", maana wagonjwa walikuwa wakidhani wanatibiwa na daktari. Kwa hiyo na mimi sisemi aitwe daktari. Nasema tabibu, kwa kuwa tabibu ni yule anayetibu, na huyu anatibu.

Jeshini ndiko kosa hili linapochekesha zaidi, kwa sababu kazi yenyewe ilichipuka kwa watu wa jeshi. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Duke, Dkt. Eugene Stead alianza kufundisha wanafunzi wanne, wote waliowahi kuwa wahudumu wa tiba wa jeshi la maji. Watatu wakahitimu tarehe 6 Oktoba 1967. Jeshi la nchi kavu nalo lilipoanza kuwatumia liliwaweka kwenye daraja la maafisa wateule ("warrant officer"), lililo chini ya maafisa wenye kamisheni, wakakaa humo mpaka 1992 walipopewa kamisheni. Siku hizi wanajeshi husomeshwa pamoja Fort Sam Houston, San Antonio, katika mafunzo yaliyoanza 1996: karibu miezi 29, kwanza darasani, kisha wodini, na mwisho mtihani uleule wa taifa wanaofanya raia.

Akishatoka hapo, mara nyingi hupelekwa kwenye batalioni, na daktari mara nyingi yuko ngazi ya juu huko, brigedi. Asubuhi askari wanapanga foleni. Anaingia mmoja anachechemea. Mhudumu wa tiba, kijana aliyesoma wiki 16, anampima presha na kuandika. Kisha PA anabonyeza ukingo wa nyuma wa kifundo cha mguu, pale penye mfupa, anamwambia apige hatua nne. Mfupa ukiuma unapobonyezwa, au akishindwa kupiga hatua hizo, anatumwa eksirei. Usipouma na hatua akaziweza, anaondoka na karatasi ya kusimamishwa kukimbia, karatasi ambayo kamanda wake hawezi kuipuuza kirahisi.

Huyo kijana wa presha ndiye watu wanayemchanganya na PA, na lawama si yao peke yao, maana askari huwaita wote wawili "Doc". Jeshi lenyewe nalo linapenda kupotosha: daktari wa batalioni huitwa "mpasuaji" hata kama tangu amalize chuo hajashika kisu cha upasuaji.

Basi, ndugu mtafsiri, uliyenifanya nisimamishe filamu na kurudisha nyuma mara mbili: kijana wa wiki 16 mwite mhudumu wa tiba. Huyu mwenye kamisheni mwite tabibu msaidizi, na nafasi ikiwa finyu pale chini ya skrini, "tabibu" peke yake linatosha. Hiyo "wa" tu ndiyo ninayoomba uiondoe.