Filamu za Hapahapa Kwenye Jumba la Makumbusho: Yanayosemwa na Ukweli Wenyewe

Jumba la makumbusho likitangaza msimu wa kuonyesha filamu zilizotengenezwa na watu wa mahali hapo, maneno huanza kabla projekta haijawashwa. Kuna wanaodhani ni hisani kwa wasanii waliokosa soko. Kuna wanaouliza tangu lini vinyago na sarafu za kale vikakaa nyumba moja na sinema. Mengi ya maneno hayo hayana msingi, ingawa mawili matatu yana chembe ya ukweli.

“Filamu ni kazi ya majumba ya sinema. Makumbusho yamevamia shamba la watu.”

Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, MoMA, yalianzisha maktaba yake ya filamu mwaka 1935, Iris Barry akiwa msimamizi wake wa kwanza. Mwaka uliofuata ikazaliwa Cinémathèque française, hifadhi ya filamu jijini Paris, na mwaka 1938 hifadhi nne za nchi mbalimbali zikaunda shirikisho la kimataifa la hifadhi za filamu, FIAF. Wakati huo wenye studio hawakuwa na haja na filamu zao za zamani. Filamu za sauti ziliposhika soko, mikanda mingi ya filamu bubu ilitupwa, mingine ikayeyushwa ili kupata madini ya fedha yaliyokuwemo. Makumbusho hayakuvamia shamba la mtu. Yaliokota mazao ambayo mwenye shamba alikuwa anayachoma.

“Zinaonyeshwa hapo kwa sababu zimekataliwa kwingine.”

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inageuza historia juu chini. Sinema yenyewe ilianza kama jambo la mtaani. Ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, walipowaonyesha watu filamu kwa kiingilio jijini Paris tarehe 28 Desemba 1895, mojawapo ilikuwa ya wafanyakazi wakitoka kwenye lango la kiwanda chao wenyewe huko Lyon. Hakukuwa na nyota wala mandhari ya mbali.

Kuna waliofanya biashara nzima juu ya wazo hilo. Sagar Mitchell na James Kenyon wa Blackburn, kaskazini mwa Uingereza, walipiga filamu nyingi kati ya mwaka 1900 na 1913, na wateja wao wakubwa walikuwa wenye mahema ya maonyesho ya kuhamahama. Kamera ilisimamishwa mbele ya lango la kiwanda saa ya kutoka kazini, na kilichotafutwa ni nyuso, nyingi iwezekanavyo, kwani kila uso uliopita ulikuwa na jamaa watakaolipa kuja kuuona. Mara nyingine filamu ilipigwa na kuonyeshwa siku hiyohiyo. Ukizitazama leo unaona wanawake waliojitanda shuka wakikata kona bila kugeuka, na wavulana waliokwisha kuushtukia mchezo wakipita mbele ya kamera, wakizunguka nyuma na kupita tena.

Biashara ilipokwisha, negativu, yaani mikanda ya asili iliyotoka kwenye kamera, zikasahaulika kwenye chumba cha chini cha duka. Mafundi walizikuta mwaka 1994, takribani roli 800 ndani ya mapipa ya chuma, na baadaye zikapokewa na kurekebishwa na Taasisi ya Filamu ya Uingereza, BFI. Sasa wanahistoria wa mavazi, wa kazi na wa michezo wanazigombania. Kwa kipimo cha “imekubaliwa wapi”, hazikuwa na thamani kokote nje ya miji zilikopigwa.

Marekani nayo ilikuwa na H. Lee Waters, mpiga picha wa North Carolina, ambaye kati ya mwaka 1936 na 1942 alizunguka miji midogo zaidi ya 100 akiwapiga filamu watu barabarani, mashuleni na viwandani, kisha akawaonyesha kwenye ukumbi wa mji wao. Aliwapiga filamu watu weupe na weusi, katika zama za ubaguzi wa kisheria, kwa hiyo amewaachia watu wengi picha za babu na bibi zao ambazo hakuna studio ingejisumbua kuzipiga.

Chembe ya ukweli ipo: baadhi ya filamu za msimu kama huu ni mbovu. Sauti inakwaruza, hadithi inapotea njiani. Mratibu mzuri hazichagui zote. Lakini ubovu usipimwe kwa bei ya kamera. Nigeria iliingia kwenye biashara kubwa ya filamu kupitia kaseti za VHS mwanzoni mwa miaka ya 1990, na waliocheka video zile hawacheki tena.

“Ya hapa ni ile iliyopigwa hapa.”

Si lazima. Kampuni ya mbali inaweza kuja, ikakodi mtaa wako kwa siku kumi na kuufanya uigize mji mwingine. Mzaliwa wa mahali naye anaweza kupiga filamu ughaibuni na kila mtu akajua ni ya kwao. Kila jumba huweka kigezo chake: aliyetengeneza, mahali, au inayemhusu. Mimi napendelea cha kwanza, ila jumba linalotaja kigezo chake wazi kwenye ratiba halina wa kugombana naye.

“Hakuna kiingilio, basi hakuna haja ya ruhusa.”

Hapa ndipo misimu mingi hukwama. Kumiliki diski, kaseti au hata mkanda wenyewe si kumiliki haki ya kuuonyesha hadharani. Katika nchi nyingi swali la msingi si kama tiketi ziliuzwa, ni kama waliotazama walikuwa umma. Misamaha kwa elimu au makumbusho ipo, lakini hutofautiana nchi na nchi, na kuibahatisha ni hatari. Filamu moja pia hubeba haki za watu kadhaa: mtayarishaji, mwandishi, na mwenye wimbo. Wimbo ndio mtego mkubwa wa filamu za bajeti ndogo. Mwongozaji alipewa ruhusa ya mdomo na rafiki yake mwanamuziki, miaka kumi imepita, urafiki umekufa. Kwa zile ambazo mwenye haki hajulikani au hapatikani, wahifadhi huziita filamu yatima, nazo zinataka utafutaji wa kweli ulioandikwa, maana kusema “tulimtafuta tukamkosa” peke yake hakutoshi.

Mwongozaji mwenye filamu mpya naye awe macho. Matamasha kadhaa hudai kuwa ya kwanza kuionyesha filamu, na onyesho moja la bure mbele ya majirani linaweza kuifungia mlango huko.

“Imeshapandishwa intaneti, iko salama.”

Kilichoko intaneti aghalabu ni nakala iliyominywa, na akaunti ikifungwa imekwenda. Faili la dijitali halikai lenyewe: diski hufa, fomati hupitwa na wakati, na kila baada ya miaka kadhaa mtu lazima alihamishe na kuhakikisha hakuna kilichoharibika. Mkanda wa filamu uliotunzwa kwenye baridi na ukavu unaweza kupita umri wa mjukuu wako bila kuguswa.

Hali mbaya zaidi ni ya kaseti, na filamu nyingi za hapahapa za miaka ya 1980 na 1990 ziko humo. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari kwamba kufikia karibu mwaka 2025 kuzisoma kanda za sumaku, kama zile zilizomo ndani ya kaseti, huenda kusiwezekane tena kwa kiwango kikubwa, kwa kuwa mashine na vipuri vinakwisha. Kampuni ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Mwenye kaseti kabatini hana anasa ya kusubiri.

Wenye mikanda wana kipimo rahisi: fungua kopo, nusa. Harufu ya siki maana yake asetati, plastiki ya mkanda wenyewe, imeanza kuoza, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa mikanda jirani. Itenge mara moja. Mikanda ya kabla ya miaka ya 1950 mwanzoni inaweza kuwa ya naitreti, plastiki ya zamani ambayo ikishika moto huendelea kuwaka hata chini ya maji. Hiyo usiitie kwenye projekta ya nyumbani, mwite mhifadhi.

“Zamani watu walitembea mbiombio.”

Walitembea kama sisi. Filamu bubu nyingi zilipigwa kwa fremu, yaani picha mojamoja, 16 hadi 18 hivi kwa sekunde, kwa kuzungusha mkono. Filamu za sauti zikaweka kiwango cha 24. Ya fremu 16 ukiichezesha kwa 24, dakika tatu zinaisha kwa mbili na kila mtu anaonekana amechelewa basi. Kosa jingine la jamii hiyo ni kuivuta picha ya umbo la zamani la 4:3 ijaze skrini pana ya 16:9: watu wote hunenepa kwa theluthi moja. Ukiona hivyo ukumbini, nyanyuka ukamwambie fundi wa projekta. Ni kitufe kimoja.

“Taa zikiwashwa, kazi imekwisha.”

Kwenye filamu za aina hii watazamaji hawanyamazi. Wanataja majina, wanabishana hilo lilikuwa duka la nani, mzee mmoja anasema barabara ile ilikuwa upande wa pili. Jumba lisilorekodi maneno hayo limepoteza nusu ya faida ya msimu wake, kwani maelezo yaliyokuja na mkanda mara nyingi ni mwaka wa kukisia tu, na wenye kujua zaidi hupungua kila mwaka. Majumba makini huweka kinasa sauti ukumbini, hugawa karatasi zenye picha za fremu na namba zake ili watu waandike majina pembeni, kisha huyalinganisha majibu kabla ya kuyaingiza kwenye katalogi, pamoja na jina la aliyesema. Watu wawili wakitofautiana, yote mawili huandikwa.