Kabla ya Kuilaumu Programu: Dhana Potofu za Kurekodi Nyumbani

Jioni moja hapa Bagamoyo kijana mpiga zeze alivua hedifoni akaniambia, "Kaka, hii mashine inanivuta nyuma." Kila akipitisha upinde, sauti ilimfikia masikioni imechelewa kidogo. Naye akapunguza mwendo ili aisubiri, na ngoma tuliyokwisha kurekodi ikamwacha. Wengi wakifika hapo huitupia lawama programu na kutafuta nyingine. Nimeshuhudia mtu akibadilisha programu tatu, tatizo likabaki palepale.

"Sauti ikichelewa, programu ni mbovu." Kompyuta haipitishi sauti kama bomba la maji, inaichota kwa ndoo, na ndoo ikijaa ndipo inapelekwa mbele. Ndoo hiyo ndiyo bafa. Ukirekodi kwa sampuli (vipande vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 inakula milisekunde 23 hivi wakati wa kuingia, na nyingine kama hizo wakati wa kutoka. Mtu aliyezoea ngoma anazisikia. Ishushe hadi 128, kila upande utabaki na milisekunde 3 hivi. Ukianza kusikia mikwaruzo ujue kompyuta imelemewa: panda hadi 256, au zima efekti kwanza. Ukimaliza kurekodi na kuanza kuchanganya, irudishe juu, maana hapo hakuna mpigaji anayesubiri.

Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO, yaani kiunganishi kinachopitisha sauti kati ya kifaa na programu bila kuichelewesha sana. Intafesi nyingi (vile visanduku vya kuunganishia maiki na kompyuta) pia zina kitufe cha kumrudishia mwimbaji sauti yake moja kwa moja kabla haijaingia kwenye kompyuta, kitafute. Na tafadhali, hedifoni za Bluetooth ziweke kando, kwa sababu zenyewe tu mara nyingi huchelewesha kwa milisekunde 100 na zaidi. Za yule kijana zilikuwa hizo. Tulimpa za waya, tukashusha bafa, akapiga mara moja tu na tukaichukua.

"Programu ina traki mia, basi nitarekodi kikundi kizima, kila mtu na traki yake." Hii inatuumiza sana hapa, kwa kuwa mji wenye TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, hauishiwi vikundi. Traki, yaani njia ambamo kila sauti inahifadhiwa peke yake, ni vyumba. Milango ni matundu ya maiki kwenye intafesi. Intafesi ya matundu mawili inakupa traki mbili kwa wakati mmoja, hata ukiwa na programu ya bei gani. Kuchomeka maiki mbili za USB hakukuokoi kirahisi: kwa kawaida ASIO hushika kifaa kimoja, na kila maiki ya aina hiyo ina saa yake ya ndani. Saa hizo zikipishana kidogo tu, wimbo mrefu unaishia sauti zimeachana.

Unaweza kurekodi mmoja mmoja, safu juu ya safu. Beatles mwaka 1967 walikuwa bado wanatumia mashine za traki nne, wakijaza, wakiunganisha, wakijaza tena. Lakini kwa ngoma za asili mimi sipendi njia hiyo. Wapigaji huitikiana kwa macho, na ukiwatenganisha kuna kitu kinakufa. Naweka maiki mbili mbele ya kikundi, kisha nawasogeza watu: mwenye ngoma kubwa hatua tatu nyuma, mwenye marimba mbele, mpaka sauti zilingane. Waimbaji wakuu nawarekodi baadaye.

"Programu ya bure haifai kurekodia." Audacity ni ya bure na inarekodi traki nyingi. Kinachofaa kuogopwa ni toleo la majaribio ambalo masharti yake hukuyasoma. La FL Studio, kwa mfano, linakuruhusu kuhifadhi kazi, lakini halikufungulii tena mpaka ununue. Kama unalitumia, toa kila traki kama faili la WAV kabla ya kufunga.

"Rekodi hadi taa nyekundu, ndiyo sauti nene." Hapana. Kidijitali, sauti ikipita sifuri, ambayo ndiyo kilele cha mita, inakatwa kichwa, na sehemu iliyokatwa hairudi ilivyokuwa. Ukiweka programu irekodi kwa biti 24 (kipimo cha undani wa kila sampuli) una nafasi tele: acha vilele viishie karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Mwambie mwimbaji ajaribu ile sehemu anayopaza sauti zaidi, siyo mwanzo wa wimbo, halafu ndipo upange kiwango.