Je, wajua? Corona ilizima makaa ya mawe kabla ya kugusa jua

Ukiwauliza vijana wa kijiweni Mtwara, wengi watakwambia watu wakijifungia ndani umeme hutumika zaidi: feni, televisheni, simu chaji mchana kutwa. Kwa nyumba moja ni kweli. Ila mlaji mkubwa wa umeme wa nchi ni viwanda, hoteli, maofisi na treni. Mwaka 2020 hivyo vilipofungwa kwa sababu ya Uviko-19, matumizi yalishuka kwa asilimia 20 au zaidi katika baadhi ya nchi zilizojifungia kabisa.

Sasa, mitambo ipi izimwe? Chukua nyumba ya Mikindani yenye kisima uani, ambayo siku za wageni huongezea maji ya madumu kutoka kwa mwenye mkokoteni. Wageni wakipungua, nani ataacha kuteka kisimani ili aendelee kununua madumu? Jua na upepo ndicho kisima: ukishajenga mtambo, hununui kuni. Makaa ya mawe hununuliwa kila siku, kwa hiyo yakazimwa kwanza. Uingereza, nchi iliyojengwa kwa makaa, ilikaa siku 67 bila kuyachoma kupata umeme, kuanzia Aprili 10.

Wageni waliporudi, mkokoteni nao ukarudi. Mwaka 2021 umeme wa makaa duniani ulivunja rekodi.

Kwetu hatukufungiwa, ingawa shule zilifungwa Machi, na taa za Mtwara na Lindi ziliendelea kutegemea gesi ya Mnazi Bay, kule Msimbati. (Gesi nayo si safi kama jua, tusijidanganye; ina nafuu tu kuliko makaa.)

Maumivu makubwa yalikuwa kwenye fedha. Viwanda vya China vinavyotengeneza paneli za sola vilisimama kwa muda, mizigo ikachelewa, na familia zilizopoteza kipato hazikuweza kulipia umeme. Afrika, idadi ya wasio na umeme ilipanda mwaka 2020 baada ya miaka kadhaa ya kushuka.

Bei ya mafuta na gesi nayo iliporomoka, na wawekezaji wakaanza kupiga hesabu upya. Januari 2021 kampuni ya Equinor ya Norway ilifuta kwenye vitabu vyake dola milioni 982 za mradi wa kusindika gesi uliopangwa kujengwa Likong'o, Lindi. Lawama zote tusiibebeshe corona: hesabu za mradi ule zilikuwa ngumu tangu mwanzo.